Maswali ya wasomaji: 987,654,321, namba inayoshuka ngazi

Mwezi uliopita niliacha fumbo fupi chini ya ukurasa huu: ichukueni 987,654,321, mwigawanye mpaka igome, kisha mniandikie mmekuta nini. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyozoea. Nimechagua sita. Baadhi nitazijibu kwa sentensi chache, na moja nitaikalia, kwa sababu imenikosesha usingizi siku mbili na sijutii hata saa moja ya hizo.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa darasa la sita ameigawanya namba yako kwa 123,456,789 kwenye simu, akapata 8.0000000729. Kaka yake amefanya hivyo hivyo kwenye kikokotoo chake cha shule, akapata 8.000000073. Kikokotoo changu cha zamani kimekataa kabisa kupokea tarakimu ya tisa. Wamebishana mpaka usiku. Nani mkweli? Na kwa nini jibu linaikaribia 8 namna hiyo bila kuifikia?
*Mama wa wabishi wawili*

Marahaba, mama. Wote wawili wamesema kweli kwa kadiri ya nafasi waliyopewa. Kikokotoo chako kina nafasi ya tarakimu nane tu, kwa hiyo namba hii haiingii. Cha kijana kina nafasi kumi, kikaikata 729 ikawa 73. Simu ina nafasi zaidi kidogo. Ukiendelea kwa mkono utaona 8.000000072900000663, na bado safari inaendelea.

Lakini hapa desimali zinatuficha kitu. Waambie waweke vifaa chini, wachukue penseli, wazidishe 123,456,789 kwa 8. Watapata 987,654,312. Waangalie mwisho wake vizuri: ni 312, siyo 321. Zimepungua 9 tu. Basi jibu kamili ni hili: inakwenda mara 8, baki 9. Neno hilo, baki, lishikeni, maana litarudi katika karibu kila barua ya leo.

Sasa waandike ngazi hii, mstari kwa mstari:

1 × 8 + 1 = 9
12 × 8 + 2 = 98
123 × 8 + 3 = 987
1,234 × 8 + 4 = 9,876

Waiendeleze wenyewe mpaka mstari wa tisa. Nimeiandika ngazi hii ubaoni mara nyingi katika miaka yangu ya kufundisha, na kila mara kuna mtoto mmoja ambaye hafurahii kuiona tu. Anataka kujua kwa nini. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Tuchukue mstari wa tatu. 123 ni 111 + 11 + 1. Ukiizidisha kwa 9 unapata 999 + 99 + 9. Kila moja ya hizo imepungukiwa 1 ili iwe 1,000, 100 na 10. Zimepungukiwa 3 kwa jumla, kwa hiyo 123 × 9 + 3 = 1,110. Punguza 123 moja kila upande: 123 × 8 + 3 = 1,110 − 123. Na 1,110 − 123 ni 987, kwa sababu 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, kila jozi inatimiza kumi. Kwa tarakimu tisa hesabu haibadiliki sura: 123,456,789 na 987,654,321 zikijumlishwa zinatoa 1,111,111,110. Hakuna bahati nasibu hapo.

Na ile 729 ya binti yako, mwambie ni 9 × 9 × 9. Agawanye 1 kwa 81 ataona 0.012345679012345679, ikijirudia hivyo bila mwisho (na 8 haimo, amtafutie kaka yake sababu). Maana yake 123,456,789 inakaribia sana bilioni kumi zilizogawanywa kwa 81. Kugawanya baki letu, 9, kwa namba hiyo ni karibu sawa na kuizidisha kwa 81, kisha kusogeza nukta nafasi kumi. 9 × 81 = 729. Ndiyo ile aliyoiona kwenye simu.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kompyuta. Niliandika programu fupi, ikanijibu kabla sijaondoa kidole: 3, 3, 17, 17, 379721. Naona aibu kusema sijui kama naiamini. Mtu mwenye karatasi tu angefikaje hapo? Na angejuaje kwamba 379,721 haigawanyiki tena?
*Kijana wa programu*

Usione aibu. Kutoliamini jibu ambalo hujalipitia mwenyewe ni tabia njema, na katika hisabati ndiyo tabia ya kwanza.

Anza na jumla ya tarakimu. 9 + 8 + 7 + 6 + 5 + 4 + 3 + 2 + 1 = 45, na 45 inagawanyika kwa 9, kwa hiyo namba yenyewe inagawanyika kwa 9. Unapata 109,739,369. Jumla ya tarakimu za hii ni 47, kwa hiyo 3 imekwisha kazi yake. 2 na 5 zimefungiwa mlango na tarakimu ya mwisho. Jaribu 7: baki 5. Jaribu 11: baki 3. Jaribu 13: baki 12. Jaribu 17: inakwenda sawasawa, 6,455,257. Hapa wengi huendelea na 19. Usiende. Rudia 17 hiyo hiyo kwanza, maana kigawo kilichoingia mara moja kinaweza kuingia tena. Na kweli: 6,455,257 ÷ 17 = 379,721. Ukirudia mara ya tatu inabaki 9, basi 17 nayo imemaliza.

Sasa 379,721. Hapa ndipo jasho lilipo. Kama ingekuwa zao la namba mbili, moja kati ya hizo isingeweza kuzidi kipeuo chake cha pili. Kipeo cha pili cha 616 ni 379,456. Cha 617 ni 380,689, kimeshapita. Kwa hiyo tunahitaji kujaribu namba tasa zisizozidi 616, na ya mwisho kati ya hizo ni 613. Kuanzia 19 hadi 613 kuna namba tasa 105. Nilizigawanya zote 105 kwa mkono, jioni moja, kurasa nne za daftari la mistari. Hakuna iliyokwenda bila baki. Programu yako ilisema kweli, nami sasa nalisema hilo kwa ushahidi wangu mwenyewe: 379,721 ni namba tasa.

Kwa hiyo 987,654,321 = 3² × 17² × 379,721. Kwa kuwa 3 × 17 ni 51, unaweza pia kuiandika 51² × 379,721. Sura hii ya pili ihifadhi. Tutaihitaji kwenye barua ya nne.

Ukishaipata namba katika vigawo vyake vya tasa, maswali mengi yanajibiwa bila kugawanya tena. Ina vigawo vingapi kwa jumla? Kwa 3 una chaguo tatu (usiichukue, uichukue mara moja, au mara mbili), kwa 17 vivyo hivyo, kwa 379,721 chaguo mbili. 3 × 3 × 2 = 18. Tisa vya mwanzo ni 1, 3, 9, 17, 51, 153, 289, 867 na 2,601. Tisa vingine ni hivyo hivyo vikizidishwa kwa 379,721. Tisa vya mwanzo vinajumlika kuwa 3,991. Jumla ya vyote 18 ni 3,991 × 379,722, yaani 1,515,470,502. Ukiiondoa namba yenyewe zinabaki 527,816,181, zaidi kidogo ya nusu yake. Kwa hiyo iko mbali sana na namba kamilifu kama 6 au 28, ambazo vigawo vyake vingine vikijumlishwa vinarudisha namba yenyewe.

Je, nikizichanganya tarakimu 1 hadi 9 kwa mpangilio mwingine wowote, naweza kupata namba tasa? Nimejaribu mipangilio zaidi ya mia moja.
*Mchanganyaji*

Acha kujaribu, ndugu yangu. Mipangilio ipo 362,880, na hakuna hata mmoja utakaokupa namba tasa, kwa sababu jumla ya tarakimu ni 45 hata uzipange vipi. Zote zinagawanyika kwa 9.

Ukitumia 1 hadi 8, jumla ni 36, mlango umefungwa tena. Lakini 1 hadi 7 jumla yake ni 28, na 28 haigawanyiki kwa 3. Hapo uwindaji una maana. Kubwa kuliko zote utakayoipata ni 7,652,413. Tafuta na nyingine.

Mwalimu, nilisoma kwamba Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alizichunguza namba zinazoweza kuandikwa kama jumla ya vipeo viwili vya pili, mfano 13 = 2² + 3². Je, 987,654,321 inaweza? Nimejaribu kuanzia 1² kwenda juu, nimechoka nikiwa kwenye mia mbili na kitu.
*Mvumilivu*

Hii ndiyo barua niliyosema imeninyima usingizi.

Kwanza, tujue kama tunatafuta kitu kilichopo. Ukigawanya kipeo cha pili chochote kwa 4, baki ni 0 kama namba ni shufwa, au 1 kama ni witiri. Kwa hiyo vipeo viwili vikijumlishwa vinaweza kubakisha 0, 1 au 2, lakini 3 kamwe. Namba tasa yenye baki 3, kama 7 au 11 au 19, haiwezi kuandikwa hivyo. Hilo ni rahisi. La ajabu ni upande wa pili: kila namba tasa yenye baki 1 ikigawanywa kwa 4 inaweza kuandikwa hivyo, na kwa njia moja tu. Fermat alilitangaza hilo katika barua aliyomwandikia mwanahisabati mwenzake Mersenne tarehe 25 Desemba 1640, bila kuonyesha uthibitisho. Uthibitisho ulitoka kwa mwanahisabati Euler mwaka 1749, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Yetu 379,721 inabakisha 1 ikigawanywa kwa 4 (angalia tarakimu mbili za mwisho tu, 21). Kwa hiyo jozi ipo. Na tukiipata jozi ya 379,721, tutaizidisha kwa 51 pande zote mbili na tutakuwa na jibu la namba nzima, kwa sababu 51² imekwishakaa kando ikisubiri.

Wewe ulianza na 1² juu ya namba kubwa yenyewe. Ungefuata njia hiyo, namba ndogo kati ya zile mbili ingeweza kuwa popote hadi 22,222. (Ndiyo, tarakimu tano za 2. Niliikagua mara mbili.) Nami nilianza vibaya vile vile, ingawa kwenye 379,721. Usiku wa kwanza nilitoa 1, 4, 9, 16, nikitafuta vipeuo kwa mkono, na nilipofika kwenye thelathini na kitu nililala na kalamu mkononi. Usiku wa pili nikajiuliza swali ambalo nimewauliza wanafunzi wangu miaka yote: kabla hujatafuta, baki zinakukataza nini?

Namba 379,721 ni witiri, kwa hiyo moja ya hizo mbili ni shufwa na nyingine ni witiri. Kipeo cha pili cha witiri kikigawanywa kwa 8 kinabakisha 1 daima. 379,721 nayo ikigawanywa kwa 8 inabakisha 1. Basi kipeo cha ile shufwa hakibakishi kitu, na hilo linawezekana tu kama shufwa hiyo inagawanyika kwa 4. Tayari nusu ya shufwa zimeondoka.

Tarakimu ya mwisho ni 1. Vipeo vya pili huishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9 tu. Jozi zinazotoa 1 mwishoni ni 0 na 1, au 5 na 6. Basi moja ya namba zetu inagawanyika kwa 5.

Jumla ya tarakimu za 379,721 ni 29, kwa hiyo ikigawanywa kwa 3 inabakisha 2. Kipeo cha pili kikigawanywa kwa 3 kinabakisha 0 au 1. Ili tupate 2, vyote viwili vibakishe 1. Basi hakuna kati ya hizo mbili inayogawanyika kwa 3.

Nikasema: tuanze na hali ambapo 5 imeangukia ile shufwa. Hapo inagawanyika kwa 20, haigawanyiki kwa 3, na haizidi 616. Namba za namna hiyo ni ishirini tu. Kutoka mamia ya majaribio hadi ishirini, na kalamu haijagusa hata kipeuo kimoja.

20: 379,721 − 400 = 379,321. Hapana.
40: 379,721 − 1,600 = 378,121. Hapana.
80: 379,721 − 6,400 = 373,321.

Nikaitazama 373,321. 600 mara 600 ni 360,000. Nikajaribu 611: 360,000 + 13,200 + 121. Inatimia. 379,721 = 611² + 80². Jaribio la tatu. Nilisimama, nikazunguka meza, nikakaa tena nikazidisha upya kuhakikisha sijajidanganya.

Zidisha kila moja kwa 51, na hili hapa jibu lako:

987,654,321 = 31,161² + 4,080²

Kagua: 971,007,921 + 16,646,400. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, tafadhali, usinichukulie kwa neno.

Halafu kuna zawadi ya ziada. 17 nayo inabakisha 1 ikigawanywa kwa 4, na 17² = 15² + 8². Kuna kanuni ya zamani sana, ambayo Brahmagupta wa India aliipanua katika karne ya 7, isemayo kwamba jumla ya vipeo viwili ikizidishwa kwa jumla nyingine ya vipeo viwili hutoa tena jumla ya vipeo viwili. Chukua 15 na 8, chukua 611 na 80. Tengeneza 15 × 611 − 8 × 80 = 8,525, na 15 × 80 + 8 × 611 = 6,088. Zidisha zote kwa 3, ile ambayo bado hatujaitumia, upate 25,575 na 18,264. Sasa geuza alama, jumlisha ulipotoa na utoe ulipojumlisha: 9,805 na 3,688, mara 3 ni 29,415 na 11,064. Kwa hiyo pia:

987,654,321 = 25,575² + 18,264²
987,654,321 = 29,415² + 11,064²

Njia tatu, na ya nne haipo. Vigawo vyake vya tasa vinaruhusu tatu tu. Mvumilivu, ulikuwa na haki ya kuchoka. Njia ya kwanza katika hizo ungeikuta kwenye 4,080, nawe ulikuwa mia mbili.

Kompyuta zipo. Kwa nini tusiziachie kazi hii tukapumzika?
*Fundi mitambo*

Kwa sababu kompyuta nazo zinachoka, fundi, na zinachoka mapema kuliko watu wanavyodhani.

Fermat huyo huyo aliamini kwamba 3, 5, 17, 257, 65,537 na zote zinazofuata katika mlolongo huo (toa 1, zidisha kwa yenyewe, ongeza 1, unapata inayofuata) ni tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Hakuwa na mashine. Lakini inathibitishika kwamba kigawo chochote cha tasa cha namba hiyo lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 64. Namba tasa za namna hiyo zinaanza hivi: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano ndiyo yenyewe. Unaona ni kazi ile ile tuliyoifanya juu hapo? Baki zinafuta umati mzima kabla hujaanza kugawanya.

Mersenne naye, mwaka 1644, aliitaja 2⁶⁷ − 1 kuwa tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba siyo tasa, ila hakuweza kuonyesha hata kigawo chake kimoja. Kujua kwamba kitu kinavunjika bila kujua kinavunjikia wapi, hilo peke yake linastahili mtu akae nalo. Vigawo vilipatikana mwaka 1903, na Frank Nelson Cole wa Marekani: 147,573,952,589,676,412,927 = 193,707,721 × 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba mbele ya wenzake aliandika zao hilo ubaoni bila kusema neno, na kwamba alipoulizwa imemchukua muda gani, alijibu ni Jumapili za miaka mitatu.

Kuzidisha namba mbili hizo kunachukua dakika chache. Kurudi nyuma kulichukua Jumapili zote hizo. Tofauti hiyo ndiyo Rivest, Shamir na Adleman waliyoitumia mwaka 1977 kubuni mfumo wa kufunga ujumbe kwa siri: mlango unafungwa kwa zao, unafunguliwa na anayejua vigawo. Mwaka 2020 watafiti, wakiwa na kompyuta nyingi sana, walifanikiwa kuivunja namba ya mfumo huo yenye tarakimu 250. Namba zinazotumika kwa kawaida leo zina tarakimu 617. Tarakimu zetu tisa zilivunjika kwa kurasa nne za daftari. Hizo nyingine hakuna mashine iliyopo leo inayoziweza kwa njia tunazozijua.

Na ile ndugu yake, 123,456,789? Nayo ni jumla ya vipeo viwili vya pili?
*Binti wa darasa la sita (mama ameniruhusu kuandika)*

Mwanangu, nimefurahi umeandika mwenyewe.

Ukiigawanya 123,456,789 kwa 4 inabaki 1, kwa hiyo baki hilo halitukatazi kitu, na ungeweza kuanza kutafuta kwa matumaini. Lakini ivunje kwanza. Jumla ya tarakimu ni 45, toa 9, unapata 13,717,421. Hiyo ni 3,607 × 3,803, na zote mbili ni tasa. Igawanye 3,607 kwa 4: inakwenda mara 901, baki 3. Igawanye 3,803: mara 950, baki 3. Kila moja imeingia mara moja tu, haina pacha wa kuikamilisha, tofauti na 3 iliyoingia mara mbili. Namba tasa yenye baki 3 ikiingia peke yake namna hiyo, jozi haipatikani.

Kwa hiyo yenye kushuka ina njia tatu, na yenye kupanda haina hata moja. Na zinatumia tarakimu zile zile.